Ujasiri wa Vitu Vidogo

Kati ya msitu wa hekalu la Meiji na mtaa wa Takeshita, jijini Tokyo, pana daraja fupi linalovuka njia ya reli. Upande mmoja ni miti, ipatayo laki moja, iliyotolewa na wananchi kutoka pembe zote za Japani na kupandwa kulizunguka hekalu lililozinduliwa mwaka 1920. Humo watu hutembea taratibu juu ya changarawe na kuinamisha vichwa mbele ya malango makubwa ya mbao. Upande wa pili ni kituo cha treni cha Harajuku, na ng'ambo yake unaanza uchochoro wa mita 350 hivi unaonukia sukari: chapati za maji zilizokunjwa na kujazwa krimu na matunda, soksi zenye masikio ya paka, vibanio vya nywele vya kila rangi, muziki unaogongana kutoka mlango hadi mlango. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, daraja hilo lilikuwa baraza la vijana kila Jumapili. Wanafunzi na wauzaji wa madukani walifika kwa treni kutoka vitongoji vya mbali, wengine wakiwa wamekunja nguo zao ndani ya mifuko, wakazibadilisha karibu na kituo, kisha wakasimama pale juu: magauni yaliyofura kwa magaguro, lesi mpaka kwenye vifundo vya mikono, nywele za waridi, vibanio tele kichwani.

Hapakuwa na jukwaa, wala tiketi, wala waamuzi wa kumtaja mshindi. Walikuja kuonana.

Nimeishi na picha zao kwa muda mrefu, na kila nikizirudia zinanithibitishia wazo ambalo nataka kulitetea hapa. Kupenda kitu kidogo hadharani, kwa moyo wote na bila kuomba radhi, ni ujasiri. Utamaduni wa Kijapani ambao leo tunaukuta kwenye mikoba ya shule na makava ya simu duniani kote ulijengwa kwanza na ujasiri huo wa wasichana, na kampuni zilikuja nyuma yao.

Wajapani huuita upendezi wa aina hii kawaii, na mapenzi yenyewe yana mizizi mirefu. Karibu mwaka 1000, Sei Shonagon, bibi aliyemhudumia malkia katika kasri la Kyoto, aliandika kitabu kilichojaa orodha za mambo yaliyomgusa. Katika orodha ya vitu vinavyoyeyusha moyo aliweka uso wa mtoto uliochorwa kwenye tikiti, kinda la shomoro linalorukaruka likiitwa, na mtoto anayetambaa ambaye ameona kijitu sakafuni, akakiokota kwa vidole vyake na kukipeleka kwa mtu mzima akitazame. Kwake yeye, udogo wenyewe ulitosha kuwa sababu ya kupenda. Karatasi ilikuwa mali adimu siku zile, na kasri lilikuwa limejaa mambo makubwa ya kuandikwa: vyeo, ndoa, ushindani wa koo. Shonagon akaona kinda la shomoro nalo linastahili wino.

Karne tisa baadaye, mwaka 1914, mchoraji Takehisa Yumeji alifungua duka dogo lililoitwa Minatoya katika eneo la Nihonbashi, Tokyo. Badala ya kungoja tajiri anunue mchoro mmoja wa ukutani, aliitia michoro yake kwenye karatasi za barua, bahasha na kola za kimono. Wasichana wakamiminika. Kwa senti zao waliweza kuondoka na kazi ya msanii mkononi, wakaandika barua zao juu yake. Naamini duka hilo ndilo babu wa maduka yote ya wahusika wa kuchorwa tunayoyaona leo, kwa kuwa lilielewa kwamba uzuri unaobebwa mfukoni una nguvu yake, tofauti na ule unaotundikwa.

Kisha vikaja vita, na Tokyo ikateketea. Mwaka 1946, watu wakiwa bado wanapanga foleni za chakula, mchoraji Junichi Nakahara alianzisha gazeti la Soreiyu, na mwaka uliofuata akaongeza Himawari kwa ajili ya wasichana. Aliwachorea wasichana wenye macho makubwa, na akawafundisha wasomaji wake kushona gauni kutokana na mabaki ya vitambaa na kugeuza kiraka kuwa pambo. Mtu wa haraka atasema huo ulikuwa wakati wa mchele, haukuwa wakati wa lesi. Lakini aliyepoteza nyumba na ndugu anahitaji pia jambo moja ambalo bado analiamua mwenyewe, hata kama ni umbo la kiraka kwenye kiwiko cha koti lake. Nakahara aliiheshimu haja hiyo. Hakumwambia msichana asubiri mpaka nchi ijengwe ndipo apendeze.

Kampuni ya Sanrio nayo ilizaliwa na mtu wa kizazi cha vita. Shintaro Tsuji alizaliwa mwaka 1927 katika mji wa Kofu, mkoa wa Yamanashi. Alifiwa na mama akiwa bado mtoto, na Julai 1945 mji wake uliteketezwa kwa mabomu. Mwaka 1960 alianzisha biashara ya hariri ya mkoa wake, kisha akaingia kwenye kandambili za mpira. Akagundua kwamba kandambili zenye ua lililochorwa zilitoka haraka kuliko zisizo nalo. Mpira ni ule ule, na mguu unakingwa vile vile. Ua halikuongeza kazi yoyote kwa kandambili. Liliongeza furaha kwa aliyezivaa, na Tsuji akajenga maisha yake yote juu ya nyongeza hiyo. Mwaka 1973 kampuni ilichukua jina la Sanrio. Mwaka 1974 mchoraji wake Yuko Shimizu alimchora Hello Kitty, akiwa ameketi na utepe karibu na sikio, na mwaka uliofuata mhusika huyo akatoka kwenye kipochi cha sarafu kilichouzwa kwa yeni 240. Ni bei ambayo mtoto wa shule angeweza kuifikia kwa posho yake.

Lakini kabla ya kumpa Tsuji sifa zote, tuangalie kilichokuwa kikiendelea madarasani. Katikati ya miaka ya 1970, walimu wa Japani walianza kuona mwandiko mpya kwenye madaftari ya wasichana. Maandishi ya Kijapani kwa desturi hushuka kutoka juu kwenda chini, kwa mistari inayonenepa na kukonda. Wasichana hawa waliandika kwa mlalo, kwa penseli za kubonyeza zenye risasi nyembamba, herufi zao zikiwa za duara kama matone, wakizisindikiza kwa mioyo, nyota na vikaragosi. Shule nyingi ziliupiga marufuku. Katika baadhi yake karatasi za mitihani zilizoandikwa hivyo hazikusahihishwa. Mwandishi Kazuma Yamane, aliyeuchunguza mwandiko huo katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba haukutoka kwenye vibonzo wala matangazo. Wasichana waliuambukizana wenyewe, kutoka dawati hadi dawati, nchi nzima.

Jambo hilo hunigusa kila ninapolifikiria. Hapakuwa na kiongozi wala ilani. Palikuwa na mamilioni ya watoto wa kike, ambao kila sauti rasmi iliwaambia waandike sawasawa, waolewe kwa wakati na wazungumze kwa upole, nao wakajibu kwa kuiviringisha herufi. Walichukua kitu pekee kilichokuwa mikononi mwao, ncha ya penseli, wakaifanya iseme kwa sauti yao. Sanrio na wenzake walipowaletea vifutio, mikebe ya penseli na karatasi za barua zenye wahusika, waliwakuta wasichana wameshaanza kupenda.

Waliofanikiwa zaidi katika biashara hiyo ni wale waliokubali kuongozwa na mteja. Yuko Yamaguchi, aliyekabidhiwa kumchora Hello Kitty mwaka 1980, alizunguka madukani, akaketi na watoto waliopanga mstari kupata saini yake, akawasikiliza wanataka nini. Yeye mwenyewe huvaa kama wanavyovaa mashabiki wake. Jambo hili halipaswi kuwa geni kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1930, na tena baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Japani vilichapa khanga kwa wingi kwa ajili ya wafanyabiashara wa Mombasa na Dar es Salaam. Mfanyabiashara aliyetaka mzigo wake uishe ilibidi ajue wanawake wa mtaani mwake wanataka pindo gani, rangi gani na jina gani mwaka ule, kisha apeleke agizo ng'ambo ya bahari. Mwanamke wa Mombasa, ambaye hakuwahi kuona Osaka, alikuwa akiamua rangi zitakazokorogwa huko. Aliyevaa ndiye aliyetawala, ingawa jina lake halikuandikwa popote.

Ndivyo ilivyokuwa Harajuku pia, na hapa ninataka kukaa kidogo, kwa sababu mtaa una jambo ambalo duka haliwezi kuwa nalo.

Baada ya vita, eneo lililo kando ya hekalu la Meiji lilikuwa kambi ya makazi ya wanajeshi wa Marekani na familia zao, iliyoitwa Washington Heights. Maduka ya jirani yalianza kuuza kile ambacho Wamarekani walikitaka. Kiddy Land, ambalo leo ni ghorofa za wahusika katika barabara ya Omotesando, lilianza kama duka la vitabu na likageukia vitu vya kuchezea katika mazingira hayo. Ardhi ikarudishwa kwa Japani, ikawa kijiji cha wanamichezo wa Olimpiki ya mwaka 1964, na mwaka 1967 sehemu yake ikafunguliwa kuwa bustani ya Yoyogi. Mwaka 1977 barabara ya hapo ikaanza kufungwa kwa magari siku za Jumapili. Uamuzi huo mdogo wa kiserikali ndio ulioizaa Harajuku tunayoijua. Lami iliachwa wazi, bila bei na bila mlinzi wa kuuliza umekuja kununua nini, na vijana wakaijaza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuja wachezaji wa mitaani waliovaa mavazi mapana ya rangi kali, wakaitwa kwa jina la Takenoko, duka lililowauzia. Baada yao zikaja bendi za muziki. Baada ya bendi wakaja wale wa darajani.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Vijana hawa wengi hawakuwa na kwao pa kuchezea. Nyumbani palikuwa padogo, shule ilikuwa na sare, mtaani kwao kila jirani aliwajua. Walipanda treni ili watafute mahali patakapokuwa kwao kwa saa chache, na walipofika waliwakuta wenzao waliokuja kwa haja hiyo hiyo. Waliotunzana ni wao kwa wao.

Mwaka 1997 mpiga picha Shoichi Aoki, ambaye tangu 1985 alikuwa akitoa gazeti la picha za mitindo ya miji ya ng'ambo, aligeuza kamera yake kuelekea Harajuku na kuanzisha gazeti la FRUiTS. Mtindo wake ulikuwa wa unyofu mkubwa: mtu mmoja au wawili, wamesimama wima, kuanzia unyayo hadi utosi, wanaitazama kamera. Pembeni yaliandikwa maelezo: umri, kazi au shule, kila vazi limetoka wapi, na mtu huyo siku hizo anapenda nini. Mara nyingi jibu la vazi lilikuwa mtumba, au nguo aliyoishona mwenyewe. Ukizitazama kurasa hizo unakutana na kimono cha bibi kilichofungwa juu ya jinzi, tai iliyogeuzwa mkanda, mwanasesere aliyeshonwa kwenye bega. Aoki hakuwapanga wala kuwavisha. Aliwapa heshima ambayo kwa kawaida picha huwapa wakubwa: kusimama katikati ya ukurasa na kutambulishwa kwa ukamilifu.

Kati ya wote waliosimama pale, wanaonifikirisha zaidi ni wavaaji wa mtindo wa lolita. Jina hilo huwapotosha wageni wengi, kwani mavazi yenyewe hufunika mwili: sketi ya kufika magotini, gaguro chini yake, kola iliyopanda shingoni, soksi ndefu, kofia. Duka la Baby, the Stars Shine Bright lilianza mwaka 1988. Mwaka 1999 mwanamuziki Mana alianzisha Moi-même-Moitié na kuupa mtindo huo sura yake ya giza na ya kifahari. Mwaka 2002 Novala Takemoto alitoa riwaya, iliyotengenezwa filamu mwaka 2004, kuhusu msichana wa Shimotsuma, mji wa mashambani, anayepita kati ya mashamba ya mpunga akiwa na gauni la lesi ili apande treni kwenda Tokyo kununua jingine. Rafiki yake pekee anakuwa msichana wa genge la pikipiki, na kinachowaunganisha ni kwamba kila mmoja ameshikilia anachokipenda mpaka mwisho.

Gauni lililofura huchukua nafasi. Nalitafakari hilo ninapowaza treni za Tokyo, ambamo kila mtu hujikunja ili asimguse mwenzake, na ambamo mwanamke hufunzwa kujikunja zaidi. Msichana aliyevaa magaguro matatu amekataa kupungua. Hajavaa ili atamaniwe, kwa maana mwili wake hauonekani. Hajavaa ili aajiriwe, kwa maana hakuna ofisi inayoruhusu kofia ile. Amebaki na hadhira mbili tu: nafsi yake, na mwenzake atakayejua, kwa kutazama mshono wa lesi, ni kazi kiasi gani imefanyika. Misako Aoki, mwanamitindo maarufu kuliko wote wa mtindo huu, aliendelea na kazi yake ya uuguzi huku akiwa mashuhuri. Sioni mgongano. Anayewahudumia wagonjwa anajua vizuri kuliko wengi kwamba mwanadamu haishi kwa dawa peke yake.

Hata hivyo, mapenzi haya yana wanaoyatumia. Polisi wa Tokyo tangu mwaka 1987 wana mhusika wao, Pipo-kun, kiumbe mwenye masikio makubwa na antena kichwani. Jeshi nalo limetumia wahusika wa kupendeza kwenye mabango yake. Mwaka 2009 Wizara ya Mambo ya Nje iliwateua wanawake watatu, Misako Aoki akiwa mmoja wao, kuwa mabalozi wa kawaii duniani. Mwandiko uliokuwa ukikatazwa shuleni umezaa lugha ambayo sasa dola yenyewe inaizungumza. Nadhani tofauti ni nyepesi kuiona tukiuliza nani amekishika kitu. Utepe aliojifunga asiye na mamlaka humwongezea nafasi ya kupumua. Utepe huo huo akijifunga mwenye bunduki, hutupunguzia macho ya kuiona bunduki.

Biashara nayo ina upande wake mzito. Zipo mashine za vibonge vya plastiki, ambamo unatumbukiza sarafu bila kujua utapata mwanasesere yupi, na zipo kumbi nzima zilizopangwa mashine hizo kwa maelfu. Wapo vijana wanaopamba mkoba mzima kwa beji za mhusika mmoja yule yule, na kila beji ina bei. Kizuri chajiuza, lakini kikishajua kujiuza huanza pia kudai. Mapenzi yanayopimwa kwa wingi wa manunuzi yanachosha mfuko na yanachosha moyo, na plastiki hubaki baada ya msimu wa mhusika kupita. Anayeutetea utamaduni huu kwa dhati, kama ninavyoutetea mimi, ana wajibu wa kulisema hilo wazi.

Pigo kubwa zaidi kwa Harajuku lilikuja pale barabara ilipochukuliwa. Mwaka 1998 Jumapili zisizo na magari zilifutwa kabisa. Mwaka huo huo Uniqlo ilifungua duka lake Harajuku na kuuza majaketi ya flisi kwa yeni 1,900, na miaka kumi baadaye kampuni kubwa za ng'ambo za nguo za bei nafuu zikaingia pia. Simu zenye kamera zikawapa vijana mahali pengine pa kuonekana, bila nauli ya treni. Mwaka 2017 Shoichi Aoki alilisimamisha gazeti la FRUiTS baada ya matoleo 233, akieleza kwamba hawaoni tena vijana wa kuwapiga picha kama zamani. Mwaka 2020 jengo la mbao la kituo cha Harajuku, lililosimama tangu 1924, liliondolewa, na kituo kipya cha vioo kikachukua nafasi yake. Wavaaji hawajaisha, bado wanakutana, Tokyo na mbali na Tokyo. Nairobi, kwenye mkutano wa vibonzo wa NAICCON, vijana huja wakiwa wamevaa kama wahusika wa anime, yaani filamu za katuni za Kijapani, na mavazi mengi wameyashona wao au mafundi wa mitaani kwao. Lakini yale mazoea ya kukutana bila miadi, bila kiingilio, mbele ya wapita njia wasiojulikana, yalihitaji lami, na lami ilirudishiwa magari.

Wakati mtaa ukipoteza watu wake, ndani ya maduka wahusika walibadilika, nami naona wamebadilika kwa namna inayotufundisha. Chini ya kituo kikuu cha Tokyo kuna njia nzima iliyojaa maduka ya wahusika, na humo utawakuta Sumikko Gurashi, walioletwa na kampuni ya San-X mwaka 2012. Hawa ni viumbe wanaopenda kukaa pembeni. Mmoja ni dubu wa ncha ya kaskazini aliyehama kwao kwa sababu hawezi baridi. Mwingine ni pengwini asiyekuwa na uhakika kama yeye ni pengwini. Mwingine ni kipande cha pembeni cha nyama ya kukaanga, karibu chote mafuta, kilichoachwa kwenye sahani. Yupo pia mjusi ambaye kwa kweli ni dinosa aliyenusurika. Anaficha asili yake asije akakamatwa, na anamkumbuka mama yake. Watoto wanawapenda, na watu wazima wanaotoka kazini wanawapenda pia. Mtu aliyesimama mbele ya rafu hiyo na kumchagua mkimbizi wa baridi au mabaki ya sahani anakiri jambo ambalo mkutano wa ofisini haukumruhusu kulikiri.

Faraja ya namna hiyo ilionekana pia nje ya maduka. Aprili 2016 matetemeko makubwa yaliupiga mkoa wa Kumamoto. Mkoa huo una mhusika wake, dubu mweusi mwenye mashavu mekundu aitwaye Kumamon, aliyebuniwa mwaka 2010 kuvutia wageni. Baada ya matetemeko alinyamaza, na watu wakauliza alipo. Aliporudi mwezi Mei na kuwatembelea watoto waliopoteza nyumba, alikumbatiwa na wakubwa kwa wadogo. Kila mtu alijua kwamba ndani ya vazi lile kuna mtu. Haikupunguza kitu. Mfanyakazi wa serikali akija na fomu ya msaada humfanya aliyeumia ajipange, aeleze, athibitishe. Mbele ya Kumamon hakuna kilichohitaji kuthibitishwa, na hiyo pia ni namna ya msaada.

Msitu wa Meiji na uchochoro wa Takeshita hukutana kwa namna nyingine. Kila vuli hekalu hilo hufanya ibada ya kuwashukuru wanasesere. Watu huleta wanasesere wao wa zamani, wa hariri na wa manyoya ya dukani, wakapangwa kwa maelfu uani, wakaombewa na kuagwa kwa shukrani kabla ya kuondolewa. Ipo imani ya kale nchini humo kwamba chombo kilichotumika kwa muda mrefu hupata roho. Hata asiyeamini hivyo anaweza kuielewa adabu yake: kitu ulichokipenda kimechukua sehemu ya maisha yako, na si haki kukitupa kana kwamba hakikukujua. Katika zama hizi za kununua na kutupa, adabu hiyo ndiyo inayotenganisha kupenda na kukusanya. Ningefurahi kuiona ikifundishwa penye kila mashine ya vibonge.

Kwa hiyo ninapoulizwa Harajuku inatufaa nini sisi tusiovaa magaguro, nataja mambo mawili. La kwanza linawahusu wazazi na walimu. Binti anapochora mioyo pembeni ya daftari, au kijana wa kiume anapotaka kuvaa kama mhusika wa anime, tuuangalie kwanza ufundi na bidii iliyomo kabla ya kuuita upuuzi. Historia ya Japani inaonyesha kwamba mwandiko uliodharauliwa ulikuwa mwanzo wa kazi za wachoraji, washonaji, waandishi na wabunifu wa kizazi kizima. La pili linawahusu wenye mamlaka juu ya miji. Harajuku haikujengwa na bajeti ya utamaduni. Ilijengwa na kipande cha barabara kilichoachwa wazi siku moja ya wiki, kwa miaka ishirini na moja, mbele ya watu waliokuwa na cha kuonyeshana. Kila mji wetu una barabara ya namna hiyo, na kila mji una vijana wanaobadilisha nguo kwa siri njiani. Tuwafungie magari Jumapili moja, tuwaachie lami, na tuwe na ustahimilivu wa kutazama watakacholeta.